Ndegwa Atauliza Mwenyewe

Mtu akikuuliza Mugure wa Ndegwa anafanya kazi gani, tafadhali usimwambie ati "ni wa kompyuta." Hilo ndilo jibu watu wa Kiamunyi wanatoa, na kwa sababu hiyo kila mtu aliyeangusha simu kwa maji anakuja saluni yangu kumtafuta. Mimi ni Becky, shangazi yake, au tata kama anavyoniita, ndugu ya babake. Saluni ni yangu, na meza ya Mugure iko mle ndani karibu na draya, kwanza kwa sababu stima yangu haipotei ovyo, pili kwa sababu napenda kumwona. Lakini nimechoka kufukuza watu na simu zao. Mugure hatengenezi simu. Mugure anatengeneza ile sura unayoona kwa skrini: unagusa wapi, na ukigusa kunatokea nini.

Hata mimi sikuelewa mpaka siku moja nikimsuka akaniuliza, "Tata, wewe unatengeneza hizi braids?"

"Kwani mimi ni kiwanda? Nanunua pakiti."

"Basi hata mimi. Kuna watu wanaandika zile programu ngumu za chini kabisa, mpaka mashine inaambiwa kila nukta ikae wapi. Hiyo ni pakiti yangu. Mimi naandika skripti juu yake. Nasema tu: weka batani hapa, iwe na picha ya ng'ombe, ikiguswa itoe sauti. Mistari kidogo hivi, na skrini iko hai. Ule muda mwingine wote nautumia kumwangalia mtu atakayeigusa."

Nikamwambia hapo sasa tumeelewana, kwa sababu hata mimi kazi yangu si nywele, ni kujua kichwa.

Na anajua vichwa, huyo msichana. Wenye maziwa wa Ndabibi walipomwita awatengenezee skrini ya kupokea maziwa asubuhi, hakukaa hapa akachora vitu vya kupendeza. Alienda akasimama pale kwa baridi akaona karani anashika mtungi, anapima, anaandika, mikono imeloa na vidole vimekufa ganzi. Akarudi akatengeneza batani kubwa kama chapati. Ndio moja, hapana moja, kwisha. Wale watu wanampenda mpaka leo. Na huyo karani wa mikono baridi alikuwa kijana mmoja mrefu mpole wa Kuresoi anaitwa Kiplangat. Mugure akawa anaenda Ndabibi mara kwa mara, ati kurekebisha kitu fulani kwa skrini. Nikamuuliza, hiyo skrini ina ugonjwa gani usiopona? Akacheka tu.

Sasa niwaambie kuhusu Ndegwa, kaka yangu, maana bila yeye hakuna hadithi.

Kabla ya kiharusi, Ndegwa alikuwa mdomo wa watu. Ukiwa na ruracio, yaani siku ile wazee wa mvulana wanakuja kuongea na wazee wa msichana, ulikuwa unamtafuta Ndegwa akusemee. Kuanzia Bahati mpaka Elburgon walimjua. Alikuwa anaweza kukutukana na bado ukaomba sahani yake ujaze nyama. Watu walikuwa wanakuja ruracio wasizoalikwa, kumsikia tu.

Halafu kiharusi kikaja kikachukua mkono wa kulia, kikachukua kusoma, kikachukua ulimi. Akili hakikugusa. Hiyo ndiyo ilikuwa inaniuma. Mtu yuko mle ndani mzima, anakuangalia, na unaona vile jibu analo, tena jibu tamu, na halitoki.

Mugure aliacha kazi Nairobi akarudi nyumbani. Watu wakasema amejimaliza. Yeye akanunua tablet, akakaa karibu na babake, akaanza kumwekea batani za picha. Chai. Redio. Mguu unauma. Toeni hawa watoto hapa. Na sauti haikuwa ya mashine, ile ya kusema kama mtu ana homa. Ilikuwa ya Ndegwa mwenyewe, kutoka kwa simu ya Mugure, zile sauti alizokuwa anamtumia akiwa Nairobi. Ya kwanza kabisa aliyoweka ni ile alikuwa anamtumia kila siku saa ya chakula cha mchana, bila kukosa: "Mugure, umekula?"

Basi kila Mugure akiingia mlangoni, Ndegwa anabonyeza. "Mugure, umekula?" Mara ya kwanza kuisikia nilitoka nje nikasema naenda kuangalia kuku. Kuku hatuna.

Wakati Kiplangat alisema anataka kuleta watu, wote tulifurahi. Watu wake wakaja kwanza kuona boma tu, kubisha hodi, wazee kidogo na mama mmoja. Ndegwa akakaa kwa kiti chake na tablet yake, amevaa koti. Msemaji wao, mzee Kipkorir, akaanza vizuri sana na maneno ya kuzunguka. Akasema wamepita hapa njiani wakaona ua zuri kwa shamba letu, na wanauliza kama ua kama hilo linaweza kuhamishwa.

Hapo mwenye nyumba anafaa ashangae. Aseme ua gani? Aseme sisi hapa tunapanda viazi tu. Awaulize walikuwa wanaangalia nini kwa shamba la watu. Ni mchezo, na kila mtu anaujua, na ni heshima ya msichana.

Ndegwa akabonyeza. Tablet ikasema, kwa sauti safi kabisa, "Ndio. Asante sana."

Wooi! Nilitaka ardhi inimeze. Kipkorir mwenyewe alishtuka, akabaki amefungua mdomo. Ni kama baba amesema chukueni, mmechelewa hata. Na Ndegwa, masikini, macho yalikuwa yanazunguka kwa ile skrini akitafuta jibu lingine, na halikuwepo. Ilikuwa ndio, hapana, asante, chai.

Wageni walipoondoka, Karanja aliwaka moto. Karanja ndiye kaka yetu mkubwa, na si mtu mbaya, lakini akishika jambo la mila anashika kama mlango wa jela. "Tumekuwa kichekesho! Siku ya ruracio nitasema mimi. Na kikombe nitashika mimi, na msichana nitamuuliza mimi. Mashine haiozeshi msichana."

Hapo kwa kikombe ndipo paliuma. Kwetu, hata wazee wakubaliane vipi, mwisho kuna kikombe. Baba ya msichana anakishika, anamwita binti yake mbele ya watu wote, anamuuliza: tunywe? Akisema mnywe, imekwisha. Akinyamaza, wageni warudi kwao na mbuzi wao. Sisi ni wa kanisa, kwa hivyo kikombe chetu ni cha uji, lakini swali ni lile lile, na mwenye kuuliza ni baba. Ndegwa aliwafundisha baba wengi swali hilo. Kwa binti yake mwenyewe ndio alikuwa anaambiwa atasemewa.

Nilimwangalia. Alikuwa amegeuza uso kwa ukuta.

Mugure hakulia. Alisema tu, "Mzee Karanja, kosa ni langu, si la baba. Siku hiyo baba atauliza mwenyewe."

"Na akishindwa?"

"Akishindwa utasimama. Lakini kwanza mngoje ashindwe."

Baadaye kwa saluni akaniambia, "Tata, unajua nilifanya nini? Nilimtengenezea baba skrini ya karani wa maziwa. Karani anataka ndio na hapana. Baba kwa ruracio hajawahi kumwambia mtu ndio, maisha yake yote."

"Sasa?"

"Sasa nitafutie video. Kila mtu aliyesemewa na baba akachukua video, niletee."

Hiyo kazi ilikuwa yangu, na mimi nikitaka kitu kwa wateja wangu nakipata. Mtu akikaa kwa kiti changu, namwambia, si Ndegwa alikusemea wewe? Video iko wapi? Zikaja kwa simu, zikaja kwa flash, moja ilikuja kwa kanda ya zamani ikabidi tutafute mtu wa kuihamisha. Ndegwa mwenye nywele nyeusi, Ndegwa mwenye kofia, Ndegwa amesimama mbele ya hema anawachapa wageni na maneno mpaka wanajishika mbavu.

Mugure akawa anakaa naye mchana sebuleni, wanaangalia. Ndegwa akisikia sentensi anayoitaka, anagonga meza na mkono wa kushoto. Ko! Mugure anaikata, anaiwekea picha, inakuwa batani. Asipogonga, inaachwa. Hakukuwa na kubembelezana. Na nikaona ile kitu alikuwa ananiambia kuhusu skripti. Ndegwa anashika tablet, batani iko mbali na kidole chake gumba, anakunja uso. Mugure anaandika mstari mmoja kwa laptop, na pale pale mkononi mwa mzee batani inasogea. Kubwa zaidi. Rangi nyingine. Picha ya mbwa badala ya geti. Kama nikipima nywele kichwani kabla ya kukata, isipokuwa yeye akikosea anairudisha.

Akaigawa kama ruracio yenyewe. Ukurasa wa geti. Ukurasa wa kujifanya hatujui mmefuata nini. Ukurasa wa kukasirika. Ukurasa wa kulegea kidogo. Na ukurasa wa mwisho, peke yake, picha ya kikombe.

Huo ndio uliomsumbua. Swali la "tunywe?" alilipata kwa video ya msichana mmoja yatima ambaye Ndegwa alisimama kama babake. Lakini jina lilikuwa la huyo msichana. Kwa hivyo Mugure akachukua jina lake kutoka kwa simu, akaliunganisha na lile swali. Likasikika kama wanaume wawili, mmoja amekaa karibu, na mwingine yuko ndani ya tangi. Akalainisha, akalainisha tena. Mimi nikasema liko sawa. Mama Mugure akasema liko sawa. Ndegwa alisikiliza kila mara na hakugonga meza.

"Baba, ndilo tuko nalo," Mugure akamwambia.

Siku ikafika. Wageni walikuja wakiimba mpaka geti, tukawafungia kama kawaida. Na kutoka kwa spika tuliyofunga dirishani, Kiamunyi nzima ikasikia sauti ambayo haijasikika kwa muda mrefu: "Nyinyi ni akina nani mnapigia kelele mbwa wangu?" Jameni! Majirani waliruka. Mama Mugure aliangusha mwiko. Hata Karanja alitabasamu, halafu akakumbuka hataki kutabasamu.

Ndani mambo yalienda. Kipkorir akitupa neno, Ndegwa anatupa lake. Ua gani? Sisi tunapanda viazi. Watu walicheka, na mimi mwenyewe nilianza kupumua. Mugure hakuwepo sebuleni, maana siku hiyo msichana hufichwa. Alikuwa chumbani na wenzake, wote wamefunikwa leso kuanzia kichwani mpaka miguuni, wakingoja kuletwa ili Kiplangat amtambue wake. Tofauti ni kwamba wenzake chini ya leso walikuwa wanakula njugu, na yeye alikuwa na laptop.

Kisha Kipkorir akasimama, akavua kofia, akasema kwa heshima lakini akasema. "Mzee, tunakushukuru. Lakini sisi ni watu wa mbali, hatujazoea. Nikirudi Kuresoi nitaulizwa: uliongea na nani, na mzee ama na mashine? Nataka nijue anayetujibu ni nani."

Hakukuwa na batani ya hiyo. Nani angeifikiria? Ndegwa akaanza kupitisha kidole kwa kurasa, mbele, nyuma, mbele. Karanja akakohoa, akashika mikono ya kiti akianza kuinuka.

Mimi nilikuwa nimeshika trei ya chai. Niliiweka kwa mapaja ya mtu, sijui nani, nikakimbia chumbani.

"Mugure ni yupi?"

"Hapa, tata." Leso ya kijani.

Nikainua pembe nikamwambia maneno yote ya Kipkorir. Hata hakushtuka. Vidole vilikuwa vimeanza kabla sijamaliza.

"Kuna ile alimwambia mtu wa Molo kuhusu mgeni. Baba aliigonga, lakini sikumwekea, ilikuwa na madharau sana."

"Weka!"

"Naweka mbili, tata. Hiyo, na picha ya Mzee Karanja. Akitaka asemewe, abonyeze Karanja. Mimi siwezi kumchagulia. Wakiniuliza ni nani anajibu, lazima iwe ni yeye." Akagonga kitu. "Tayari. Nenda."

Niliporudi, wageni waliokuwa karibu na Ndegwa walikuwa wameinamia tablet, maana batani mbili zilikuwa zimetokea mbele ya macho yao kwa ukurasa uliokuwa mtupu. Moja picha ya mto. Nyingine Karanja na kofia yake ya kanisa. Karanja aliiona. Akakaa chini pole pole.

Ndegwa aliangalia hizo mbili. Akamwangalia kaka yake. Kidole gumba kikaenda kwa mto.

"Kwetu tunasema mgeni ni mto, leo yuko, kesho amepita," ikasema sauti yake, ile ya miaka ya nguvu, na kwa nyuma unasikia watu wa Molo wakianza kucheka. "Sasa nyinyi mnapita ama mnakaa? Kama mnapita, msituharibie chai. Kama mnakaa, kaeni vizuri tuongee!"

Kipkorir alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyo ni mzee mwenyewe! Mashine haiwezi kuwa na madharau kama hayo!" Akarudi kukaa, na alikaa vizuri.

Wasichana wakaletwa, wamejipanga, leso tupu, hakuna hata kidole kinachoonekana. Kiplangat akaambiwa achague, na ole wake akikosea. Hakufikiria hata kidogo. Alienda moja kwa moja kwa leso ya kijani, kwa sababu ilikuwa inawaka ndani kama taa ya chemli, na waya ya chaja ilikuwa inaburuta nyuma yake.

"Huo ni wizi!" Karanja akapiga kelele. "Amesaidiwa!" Lakini alikuwa anacheka kama sisi wote. Mugure akafunuliwa, jasho usoni, nywele nilizosuka siku nzima zimelala upande mmoja. Nilitaka kulia.

Kikombe kikaletwa.

Ndegwa alikishika kwa mkono wa kushoto, ule mmoja mzima. Mugure akaja akapiga magoti mbele yake. Na hapo ndipo tuliona, sote kwa wakati mmoja, kitu ambacho hata Mugure kwa akili zake zote hakukifikiria: mkono ni mmoja. Akishika kikombe hawezi kubonyeza, akibonyeza hawezi kushika kikombe.

Ndegwa akageuka, akamnyoshea Karanja kikombe. Karanja alikipokea kwa mikono miwili.

Ukurasa ulikuwa tayari. Picha ya kikombe, kubwa, peke yake. Ndegwa aliiangalia. Kidole kikasimama juu yake, kikakataa. Akapitisha ukurasa nyuma. Akapitisha tena, geti, mbwa, tena, mpaka ule wa nyumbani wa chai na redio na mguu. Mugure alinyosha mkono amsaidie, halafu akaurudisha akaufunga kwa mwingine.

Ndegwa akabonyeza.

"Mugure, umekula?"

Mtu mmoja wa upande wa wageni alicheka kidogo. Karanja akainama, akanong'ona, "Umekosea, Ndegwa. Si hiyo."

Ndegwa hakumwangalia. Alimwangalia binti yake, akageuza macho kwa kikombe, akayarudisha kwake, akabonyeza tena. "Mugure, umekula?"

Yule msichana ambaye hakulia Karanja alipowaka, hakulia Kipkorir aliposimama, sasa machozi yalikuwa yanaingia mdomoni. Lakini alijibu, na alijibu kwa sauti, hata waliosimama nje dirishani walisikia.

"Bado, baba. Kunywa wewe kwanza, ndio tule sote."

Karanja aliinua kile kikombe, akakiweka kwa midomo ya ndugu yake, akakishika hapo mpaka akanywa. Ndegwa akameza. Kisha akainua mkono wa kushoto akagonga meza. Ko!

Vigelegele vikaanza. Mimi nikatoka nje kuangalia kuku.